Tak-tak ya Gari la Mkunga

Gari la mkunga liliingia gereji Jumatatu asubuhi likivutwa kwa kamba, mwenyewe kakaa kwenye usukani, uso umemvimba kwa hasira. Alishuka kabla halijasimama vizuri. Hakumsalimia mtu. Alifungua mlango wa nyuma akasimama pembeni ili kila mmoja aone kiti. Kitambaa kilikuwa na doa kubwa la damu iliyokauka, na ilionekana kuna mtu alijaribu kulisugua akakata tamaa.

"Njooni muangalie," alisema. "Njooni wote."

Wakasogea. Gereji ile ilikuwa ya Mzee Sikio, na mafundi humo walikuwa wawili tu zaidi yake, mbali na mlinzi wa getini. Fundi injini alikuwa mkwewe, mwanamume mpole aliyeshika spana kwa mkono wa kushoto, na kwa hiyo akaitwa Kushoto. Fundi umeme alikuwa binti wa mzee, ambaye pia ndiye mke wa Kushoto. Huyo walimwita Waya. Wateja walisema ni kwa sababu ya kazi yake, lakini waliomjua walisema ni kwa sababu ukimgusa vibaya anarusha cheche.

"Jana alasiri nimembeba mzazi," mkunga alisema. "Uchungu umemkolea, tunawahi hospitali. Tumefika kwenye kilima, gari likaishiwa nguvu, likatoa mlio mmoja mkubwa, likazima. Mtoto kazaliwa hapo kwenye kiti, malori yanatupita. Mama katokwa na damu mpaka nikaona rangi inamtoka. Yuko wodini, na daktari bado hajaniambia neno la kunipa usingizi."

"Mtoto je?" Waya aliuliza.

"Mtoto mzima. Usiniulize ya mtoto ili nipoe." Akamgeukia mzee. "Gari hili mlinikabidhi Jumamosi mkasema limepona. Lilikuwa linagonga tangu getini. Tak-tak-tak, njia nzima. Ningelirudisha palepale. Lakini si wewe uliyeninyanyulia dole gumba? Nikajiambia, kama Sikio mwenyewe kalipitisha, mimi ni nani?"

Hapo hapakuwa na ubishi. Desturi ya gereji ile ilijulikana mji mzima. Gari halitoki mpaka mzee alisikilize. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho, kisha akanyanyua dole gumba. Watu walizipita gereji tatu nne njiani kwa ajili ya dole lile. Likishanyanyuliwa, maneno yamekwisha.

Mzee Sikio hakutazama kiti. Alimtazama mkunga usoni, kwa makini kama kawaida yake, mpaka alipomaliza. Kisha akamnyooshea Kushoto kidole.

"Injini hii aliifunga huyu. Alipanga valvu kwa kukisia. Fila yenyewe hana. Mwambieni aitoe tuione."

Fila ni yale majani membamba ya chuma, yamefungwa pamoja kama kisu cha mfukoni, ya kupimia upenyo wa valvu. Kushoto alikwenda kwenye droo yake. Aliivuta yote, akapekua, akapekua tena. Akarudi mikono mitupu, na jasho limemtoka.

"Ilikuwa humu," alisema.

"Umesikia," mzee akamwambia mkunga.

"Nimesikia. Saa kumi jioni nakwenda polisi, na nataka niende na jina."

"Jina unalo. Na wewe Kushoto, kusanya vyombo vyako. Nitahakikisha hakuna gereji mji huu itakayokupa hata tairi la kuziba."

Waya alihisi damu ikimpanda kichwani. Mumewe kuitwa mzembe mbele ya watu, hilo lingeweza kumezwa. Lakini mzazi akifa, jina litakalokaa kwenye meza ya polisi ni la baba wa watoto wake, na mwenye kulitaja ni babu wa watoto haohao.

"Hilo gari halijafunguliwa hata boneti," alisema kwa sauti. "Nipeni mpaka hiyo saa kumi. Mkunga, keti hapa uangalie kila ninachogusa."

"Nitaketi," mkunga alisema. "Wala sitafumba jicho."

Mzee alikwishaondoka kuelekea ofisini. Waya alimwita mara mbili na hakugeuka. Ndivyo alivyokuwa siku hizi, ukimwita kwa nyuma anakupita kama hewa, na wote waliliweka kwenye fungu la maringo ya uzee.

Alimshika mumewe mkono akampeleka nyuma ya rundo la tairi.

"Nijibu kama humjui anayekuuliza. Ulifunga lini?"

"Jumamosi asubuhi. Injini ya baridi, kila valvu na fila yake. Nikaiwasha, ikatulia vizuri. Nikarudisha fila kwenye droo, nikafunga boneti, tukaenda kula."

"Uliporudi ulikuta nini?"

"Boneti ya moto. Nikadhani ni jua."

"Gari lilikuwa nje?"

Kushoto aligeuka akatazama pale lilipokuwa Jumamosi. Gari lilikuwa ndani, chini ya paa.

"Endelea."

"Kulikuwa na matone ya oili kwenye madigadi. Nikayafuta. Mkunga akaja, mzee akalisikiliza, likaondoka."

"Likigonga."

"Likigonga."

"Uliisikia, ukanyamaza."

"Baba yako alikuwa kanyanyua dole, Waya. Ulitaka nimwambie nini?"

Waya alitamani kumzaba kofi. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba yeye mwenyewe aliisikia ile tak-tak siku ile, akiwa ameinamia betri ya mtu, na hakuinua hata kichwa.

Alianza na oili, kwa sababu injini ikikosa oili nzuri huwa ya kwanza kulalamika. Oili ilinunuliwa duka la mkabala, kwa muuza vipuri aliyeitwa Jenuini, maana kila kitu dukani mwake, hata kamba ya kufungia mizigo, aliapa kuwa ni jenuini, si feki.

"Ile oili ya gari la mkunga uliichanganya na nini?" Waya aliuliza kabla hajavuka kizingiti.

"Salamu kwanza, dada fundi."

"Salamu utazipata polisi."

Jenuini akaacha kutabasamu. "Sikuchanganya kitu. Mimi maneno yangu mengi, nakubali, lakini kopo lile lilikuja na lakiri. Mumeo alilikata mwenyewe hapa kaunta."

"Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

"Nilifunga mapema, nikaenda kumtazama mama yangu. Muulize mlinzi wenu, aliniona nikivuta mlango kabla ninyi hamjatoka kwenda kula."

Waya alirudi akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilifika kwenye alama. Aliifikicha kati ya vidole, akainusa, akailinganisha na iliyobaki kwenye kopo. Ilikuwa nzito, safi, haina kasoro. Alimwomba mkunga ainuse pia, akainusa, akakubali kwa kichwa bila kulainisha uso.

Kisha akamfuata mlinzi getini.

"Jumamosi, tulipokwenda kula, nani aliingia?"

"Hakuingia mtu, dada."

"Huyo Jenuini?"

"Alikuwa ameshaondoka. Nilimwona kwa macho yangu."

"Nani alibaki ndani?"

"Hakubaki mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Mzee tu, na ile redio yake. Tena siku ile aliifungulia mpaka huku getini nasikia matangazo ya vifo. Hata paka walihama."

Waya alimshukuru, akaenda zake, na alikuwa ameshapiga hatua kadhaa ndipo maneno yale yakamrudia. Hakubaki mtu. Mzee tu. Aliyakataa. Aliyakataa kwa nguvu kabisa, akaapa moyoni kwamba mlinzi yule hajui kuhesabu watu.

Aliwasha injini. Ilikubali kwa shida, ikikohoa, na tak-tak ikaanza. Aliinama aisikilize lakini redio ya mzee ilikuwa inanguruma kwenye rafu yake kama kawaida, mtangazaji anabishana na mtu juu ya penalti. Redio ile haikuguswa na yeyote isipokuwa mwenyewe. Waya, kwa hasira aliyokuwa nayo, aliifuata akaizima.

Hapo aliona uso wa redio. Kulikuwa na vitone vidogo vya oili, vimetapakaa kuanzia kioo cha stesheni mpaka kwenye kitufe cha sauti. Aliivuta mbele aone nyuma yake. Kati ya redio na ukuta kulikuwa na kitambaa kimekunjwa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na fila yenye mkwaruzo wa herufi ya kwanza ya jina la mumewe.

Aliirudisha redio mahali pake. Kisha akaitia fila mfukoni, akarudi kwenye gari.

Alisikiliza kwa bisibisi, kama alivyofundishwa na baba yake akiwa bado anavaa sare za shule. Mlio wa kugonga wa chini ya injini huwa mzito, unausikia miguuni. Huu ulikuwa mwepesi, mkavu, wa haraka, na ulitoka juu. Akazima, akafungua kifuniko cha valvu. Fito nane za chuma husukuma valvu nane. Ufito mmoja ulikuwa umechomoka mahali pake na kulala pembeni. Ndio uliotoa ule mlio kilimani.

Wengine wangeishia hapo. Waya alichukua kipande cha wembe wa msumeno wa chuma, kinene mara mbili ya jani la fila linalotakiwa, akakipitisha kwenye valvu saba zilizobaki, moja moja. Kilipita kote bila kukwama, na kwa ulegevu uleule.

Akamwita Kushoto aje aone.

"Mtu mwenye nia mbaya, akitaka kukuharibia kazi, angefanya hivi?"

"Hapana. Angelegeza moja akakimbia."

"Mzembe?"

"Mzembe angepishanisha. Hii imebana, ile imelegea." Aliinama tena. "Huyu hakuwa mzembe. Huyu alikuwa na utulivu wake."

"Na hakutumia fila."

"Hakutumia. Huyu kapanga kwa..."

"Sema."

"Kwa sikio. Zamani walipanga hivyo. Unaiwasha injini kifuniko kikiwa wazi, unalegeza skrubu kidogo kidogo mpaka usikie mlio mdogo wa kugonga kwa mbali, hapo unafunga nati. Oili inaruka kila mahali. Siku hizi nani tena anafanya hivyo? Nani, zaidi ya..." Alimtazama mkewe, na rangi ikamtoka. "Acha, Waya. Niondoke tu. Nitapata kazi mji mwingine."

Neno hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote aliyoyasikia siku ile.

"Rudisha ufito," alisema, akamtolea fila. "Panga valvu zote upya, kama ulivyopanga Jumamosi. Mkunga atakusimamia. Halafu funga mdomo mpaka nikuambie."

Saa kumi walikuwa wote uani. Mkunga alisimama na mkoba begani. Jenuini alivuka barabara kuja kuona mwisho wa jambo ambalo nusura limtie ndani, na mlinzi akaacha geti lake. Injini ilikuwa inaunguruma taratibu, haina tak wala tik. Mkunga aliisikiliza, akainamisha kichwa huku na huku, akakubali kuwa ni nzima.

Mzee Sikio alitoka ofisini. Waya alisimama mbele yake.

"Baba, Kushoto kaifunga upya. Tunaomba uipitishe."

Mzee alichukua bisibisi, akaweka ncha, akabana mpini sikioni, akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Akausogeza mpini kwenye mfupa wa shavu, akausogeza tena mpaka kwenye meno. Alipofumbua macho alikuwa na uso wa ushindi.

"Imekazwa. Haipumui kabisa. Siku mbili hizi valvu zinaungua. Mnaona sasa? Hajui kitu."

"Basi irekebishe wewe mwenyewe," Waya alisema.

Kushoto alimwangalia mkewe kwa jicho la kumsihi. Yeye hakumtazama.

Mzee alivua kifuniko injini ikiwaka, na mikono yake ilikuwa bado mizuri kuitazama, haikutetemeka. Oili ikaanza kuruka na kumtapakaa kwenye mikono ya shati. Alilegeza skrubu ya kwanza. Tak, ikasema. Mkunga alishtuka. Mzee akaendelea kulegeza, kichwa kainamisha, anasubiri kitu, na tak ikakua mpaka mlinzi akarudi nyuma hatua moja. Hapo ndipo mzee alipotikisa kichwa kwa kuridhika, akafunga nati, akahamia ya pili. Aliimaliza ya mwisho, na uani pakawa na kelele kama watu wanane wanapigilia misumari bati moja. Mzee Sikio akasikiliza kwa bisibisi, akatabasamu, akanyanyua dole gumba.

"Ndiyo hiyohiyo," mkunga alisema. "Ndiyo niliyokwenda nayo kilimani."

Waya alizima injini. Mzee akaanza kuwatazama nyuso, mmoja baada ya mwingine.

"Nini?" aliuliza.

Waya alizunguka akasimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Baba, fila ya mume wangu uliificha wapi?"

Mzee hakugeuka. Aliendelea kumtazama mkunga, anangoja jibu.

"Baba, nimekuuliza swali."

Uani hapakuwa na sauti nyingine yoyote. Jenuini alijishika mdomo. Waya alizunguka tena akaja mbele, akaiweka fila juu ya madigadi, katikati ya matone ya oili ambayo bado yalikuwa yanateremka.

"Ilikuwa nyuma ya redio yako," alisema. "Jumamosi tulipotoka uliiwasha injini ya Kushoto. Ilikuwa nzima, na kwa sababu ilikuwa nzima hukuisikia. Ukadhani imekazwa. Ukailegeza mpaka ukaisikia, na kufika hapo pa kuisikia wewe, ilikuwa imeshaharibika. Leo asubuhi mkunga alisema linagonga, basi. Boneti bado imefungwa, na wewe ukataja valvu, ukataja fila. Ulijuaje?"

"Mimi nasikia vizuri," mzee alisema.

"Tangu lini umeacha kusikia?"

Mzee aliitazama midomo ya bintiye ikitamka, na kila mtu akamwona akiitazama. Hatimaye alikaa juu ya boksi la vyombo la Kushoto, lililokuwa limeshafungwa kwa safari.

"Wananiita Sikio," alisema. "Ningewaambia waniite nani?"

"Wangekuita Mzee. Wangekuita Babu. Kutokusikia ningekusamehe kabla hujamaliza kusema, ningekushika mkono nikupeleke hospitali mimi mwenyewe." Sauti yake ilianza kukatika, naye akaichukia kwa hilo. "Lakini leo asubuhi, ulipoliona gari getini likivutwa kwa kamba, ulijua. Sisi tukilikimbilia gari, wewe ukaenda kwenye droo ya mtu anayekuita baba, ukamwibia fila, ukampeleka polisi kwa mdomo wako. Ungemwangalia akiondoka. Jioni ungekuja kwangu kula na wajukuu zako, ukawapakata."

"Nilijua wewe hutamwacha apotee."

"Usinitie mimi humo."

"Waya," Kushoto alisema taratibu, "inatosha."

"Haijatosha," mkunga akadakia. Aligeuka polepole akawatazama wote, kuanzia mlinzi. "Jumamosi gari langu lilipotoka hapa, nani aliisikia hii kelele?"

Akamgeukia Kushoto.

"Wewe fundi?"

"Niliisikia," Kushoto alisema.

"Wewe mama wa kukagua?"

"Niliisikia," Waya alisema, na uso ukamwaka moto.

"Mlinzi?"

Mlinzi alitazama geti lake.

"Kwa hiyo aliyekuwa hasikii ni mmoja tu," mkunga alisema. "Ninyi wengine masikio mnayo, mkayaweka mfukoni kwa ajili ya dole la mtu. Mzazi wangu kalala kule na damu ya watu wengine kwenye mshipa, na ninyi mlikuwa mnaogopa kumuudhi mzee." Aliushika mkanda wa mkoba wake kwa nguvu. "Fundi, nipangie valvu zangu. Kwa fila. Polisi nitakwenda, na nitaeleza yote, ya huyu na yenu. Lakini kwanza huyu mzee atapanda gari langu twende wodini. Atasimama mbele ya yule mama amwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wake."

Mzee alikuwa amemtazama midomoni mpaka neno la mwisho. Alisimama, akajifuta mikono kwa kitambaa, akaenda kufungua mlango wa mbele akaketi.

Kushoto alipanga valvu bila haraka, jani la fila likipita kila mahali kwa kukwaruza kidogo, inavyotakiwa. Mkunga akakaa kwenye usukani, akawasha. Kwa mazoea, wote walitulia wakimsubiri mzee, na wote kwa pamoja wakakumbuka, wakatazama chini. Bisibisi ilikuwa imebaki juu ya madigadi. Waya aliitwaa, akainama kwenye injini akasikiliza, akafunga boneti.

Alikuwa bado na hasira, na alijua atalala nayo na kuamka nayo. Gari lilianza kusogea. Lilipomfikia pale alipokuwa, mzee aliteremsha kioo. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya dashibodi, vidole vimefunguka, vinajaribu kuipapasa injini kutoka mbali.

"Inagonga?" alimuuliza.

Maisha yake yote Waya hajawahi kumsikia akimuuliza mtu hilo. Mkunga alikanyaga breki. Waya alisogea mpaka mbele ya uso wa baba yake, pale midomo yake ingeonekana vizuri.

"Haigongi, Baba," alimjibu. "Nenda."